Ahadi ni Deni: Habari za Umeme wa Jua na Upepo katika Afrika ya Kusini

Mashariki ya Johannesburg, katika nyanda za juu za Afrika ya Kusini, uko mji ambao kwa muda mrefu uliitwa Witbank. Mwaka 2006 jina hilo lilibadilishwa, na mji ukaitwa eMalahleni, maana yake mahali penye makaa. Jina lenyewe latosha kueleza habari za nchi nzima. Chini ya ardhi ya jimbo hilo la Mpumalanga mna makaa ya mawe tele, na juu yake zimesimama dohani ndefu za mitambo ya umeme. Kwa muda wa miaka mia na zaidi makaa ndiyo yaliyowasha taa za nchi hiyo na kuendesha migodi yake ya dhahabu. Nataka, msomaji, tuangalie pamoja jinsi serikali ya nchi ya namna hiyo ilivyojaribu kuleta umeme wa jua na upepo. Ni kitu gani kilichoikwamisha, na ni kitu gani kilichoisaidia.

Mwaka 1923 serikali iliunda shirika la umeme lililoitwa Escom, ambalo siku hizi huandikwa Eskom. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Hendrik van der Bijl. Sheria ililiagiza shirika hilo liuze umeme kwa kadiri ya gharama zake tu, bila kutafuta faida. Makaa yalikuwa karibu, wachimbaji Waafrika walilipwa mshahara mdogo, na migodi ilihitaji nguvu nyingi. Basi umeme ukawa rahisi sana. Walakini usidhani kwamba urahisi huo uliwafikia wote. Utawala wa ubaguzi wa rangi ulipokwisha mwaka 1994, jamaa nyingi za Waafrika zilikuwa zingali zikitumia mishumaa na mafuta ya taa. Serikali mpya ilifanya kazi kubwa ya kupeleka umeme katika mamilioni ya nyumba hizo.

Kadiri nyumba na viwanda vilivyozidi, ndivyo haja ya umeme ilivyozidi. Mwaka 1998 waraka wa serikali yenyewe ulionya kwamba kufikia mwaka 2007 hivi umeme hautatosha, isipokuwa mitambo mingine ijengwe. Onyo hilo halikufuatwa kwa wakati. Mwishoni mwa mwaka 2007 Eskom ilianza kukata umeme kwa zamu, mtaa huu leo na mtaa ule kesho, na Januari 2008 migodi mikubwa ya dhahabu ililazimika kusimamisha kazi kwa siku kadhaa. Rais Thabo Mbeki alikiri hadharani kwamba Eskom ilikuwa imeomba ruhusa ya kujenga, na serikali ndiyo iliyokosea.

Huenda ukauliza: Jua na upepo ni vya bure, mbona watu hawakuvitumia tu, bila kungojea msaada wa serikali? Swali hilo ni la haki. Jibu lake limo katika hesabu ya fedha. Mwenye mtambo wa makaa hulipa kidogo kidogo, kwa maana hununua makaa kila siku. Lakini mwenye kinu cha upepo au paneli za sola hulipa karibu fedha zote siku ya kwanza, kisha hungojea miaka mingi kuzirudisha. Fedha hizo aghalabu ni za mkopo, na mwenye benki huuliza maswali matatu: Nani atanunua umeme huo? Kwa bei gani? Kwa miaka mingapi? Katika Afrika ya Kusini mnunuzi mkubwa alikuwa mmoja, Eskom, naye ndiye mwenye mitambo ya makaa. Ni kama kumwomba mwenye duka akuuzie bidhaa zako kando ya zake mwenyewe. Kwa hiyo msaada uliotakiwa kwa serikali haukuwa zawadi ya fedha hasa. Ulikuwa ahadi.

Kuna njia mbili za kutoa ahadi ya namna hiyo. Ya kwanza ni serikali kutangaza bei maalumu, na kusema kwamba kila aletaye umeme wa jua au upepo atalipwa bei hiyo kwa miaka fulani. Ujerumani, nchi nyingine iliyotegemea makaa, ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1990, ikaitengeneza upya mwaka 2000, na nchi nyingi zikaiga. Kenya yetu ilitangaza bei zake mwaka 2008. Njia ya pili ni mnada: serikali hutaja kiasi cha umeme inachotaka, nao wajenzi hushindana kutaja bei iliyo ndogo.

Afrika ya Kusini ilianza kwa njia ya kwanza. Mwaka 2009 halmashauri ya taifa inayosimamia bei za umeme ilitangaza kwamba umeme wa upepo utalipwa randi 1.25 kwa kila yuniti, kwa muda wa miaka 20. Bei ilikuwa nzuri, na wajenzi wengi wakaanza kupima upepo na kutafuta ardhi. Lakini miaka miwili ilipita bila ya mkataba hata mmoja kutiwa sahihi. Wanasheria wa serikali waliona shaka kama sheria za nchi ziliruhusu kununua kwa bei iliyopangwa mapema, bila mashindano. Mwaka 2011 halmashauri ile ile ilitaka kupunguza bei ilizozitangaza. Basi bei nzuri ilikuwa imeandikwa katika karatasi, wala haikuwasha taa hata moja.

Agosti 2011 serikali ilishika njia ya pili. Wizara ya Nishati ikishirikiana na Hazina iliita wajenzi walete zabuni zao. Kila zabuni ilipimwa kwa alama mia: alama 70 kwa bei, na 30 kwa manufaa ya watu, kama vile kazi, bidhaa zinazotengenezwa nchini, na fungu la umiliki kwa wenyeji wanaokaa karibu na mtambo. Aliyeshinda alipewa mkataba wa miaka 20, na serikali ilijitia katika dhamana kwamba Eskom ikishindwa kulipa, yenyewe italipa. Dhamana hiyo ndiyo iliyojibu maswali matatu ya mwenye benki.

Tazama sasa yaliyotokea. Mara ya kwanza zililetwa zabuni 53, na 28 zikachaguliwa. Serikali ilikuwa imefungua mlango wazi kwa kiasi chote cha umeme ilichokitaka, na wajenzi walijua kwamba nafasi ni nyingi; kwa hiyo wengi walitaja bei iliyokaribia ile ya juu kabisa iliyoruhusiwa. Umeme wa jua ulipata wastani wa karibu randi 2.76 kwa yuniti. Mara ya pili serikali ilipunguza kiasi, zabuni zikawa 79, na zilizochaguliwa ni 19 tu. Bei ya jua ikashuka hata karibu randi 1.65. Mara ya tatu, mwaka 2013, ilishuka chini ya randi moja. Ni kweli kwamba paneli zilikuwa zikipungua bei ulimwenguni kote, lakini mashindano nayo yalifanya kazi yake.

Tena mitambo hiyo ilijengwa upesi. Mikataba ya kwanza ilitiwa sahihi Novemba 2012, na Septemba 2013 mtambo wa jua wa Kalkbult, wenye megawati 75, ulikuwa tayari umeunganishwa katika jimbo la Northern Cape. Mtambo mkubwa wa makaa wa Medupi, ambao ulianza kujengwa mwaka 2007, haukukamilika mpaka mwaka 2021. Kwa haki, Medupi ni mkubwa mara nyingi kuliko Kalkbult, nao huweza kutoa umeme hata usiku. Lakini mtu aliye gizani huhesabu pia miaka ya kungojea.

Baada ya ushindi huo ungetazamia kazi iendelee mbele. Haikuwa hivyo. Mwaka 2016 wakuu wa Eskom walisema kwamba shirika halitaki tena kununua umeme wa namna hiyo, kwa kuwa ni ghali kwao. Miradi 27 iliyokwisha kuchaguliwa ilikaa ikingoja sahihi tu. Viwanda vilivyofunguliwa nchini ili kutengeneza vifaa vilikosa kazi, na vingine vikafungwa. Sahihi zilitiwa tarehe 4 Aprili 2018, mbele ya Waziri Jeff Radebe. Jua halikuacha kuwaka katika miaka hiyo, wala upepo haukuacha kuvuma. Kilichokosekana ni neno la serikali.

Lakini Mgala muue na haki yake mpe. Wako watu waliokuwa na sababu ya kuogopa sahihi zile. Machi 2018 chama cha wafanyakazi wa vyuma, NUMSA, kilikwenda mahakamani kuzizuia, kikisema kwamba mitambo ya makaa ikifungwa, maelfu ya wafanyakazi watapoteza riziki. Mahakama haikukikubalia, lakini hofu hiyo haikuwa ya bure. Makaa yako Mpumalanga. Jua kali liko Northern Cape, na upepo mzuri uko pwani ya kusini, mbali mamia ya maili. Mchimbaji wa eMalahleni hawezi kuihamisha nyumba yake na watoto wake kufuata upepo. Oktoba 2022 mtambo wa makaa wa Komati, uliofunguliwa mwaka 1961, ulizimwa kabisa. Serikali ilikuwa imeahidi mafunzo na kazi mpya mahali pale pale, na Benki ya Dunia ilikubali kukopesha fedha za shughuli hiyo. Hata hivyo wenyeji walilalamika kwamba moto ulizimwa kabla ya kazi mpya kufika.

Hapo, msomaji, ndipo palipo na fundisho gumu. Mwenye fedha alipewa ahadi ya miaka 20, iliyoandikwa na kudhaminiwa na Hazina. Mchimbaji alipewa ahadi ya maneno. Zote mbili ni ahadi za serikali moja, lakini hazikuwa na uzito mmoja.

Nyaya nazo zahitaji ahadi. Mwaka 2022, wakati nchi ilipokuwa ikikatiwa umeme zaidi ya siku mia mbili, mnada mmoja ulikwisha bila mradi hata mmoja wa upepo kuchaguliwa, kwa sababu njia za umeme za pwani ya kusini zilikuwa zimejaa. Jambo kama hilo si geni kwetu. Vinu 365 vya upepo karibu na Ziwa Turkana vilikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ya nyaya ilichelewa hata mwaka 2018, na mnunuzi akadaiwa fedha za umeme usiotumika.

Baadhi yenu mtakuwa wahandisi, na wengine mtaketi katika afisi zinazoandika mikataba. Mtakapoletewa mradi, wa upepo au wa makaa, msiulize bei ya yuniti peke yake. Ulizeni nani ameahidiwa nini, kwa miaka mingapi, na kwa sahihi ya nani. Kisha mtafuteni yule ambaye jina lake halimo katika karatasi, mumwulize naye atakula nini mtambo ukizimwa. Ahadi ni deni, na deni hilo huwa la watu wote wawili.