Chumvi ya Uvinza, Mwalimu wa Kale

Watoto wetu shuleni hufundishwa habari za mchanganyiko. Ukitia mchanga katika kikombe cha maji, mchanga hushuka chini, na jicho huuona. Ukitia chumvi na kukoroga, chumvi haionekani tena, na maji hubaki maangavu. Mchanganyiko huu wa pili huitwa myeyusho. Watoto wengi hukariri maneno haya kwa ajili ya mtihani, kisha huyasahau. Lakini wazee wetu waliyajua kwa mikono yao, tena waliishi kwayo.

Tazameni Uvinza, katika nchi ya Tanzania, upande wa mashariki wa ziwa Tanganyika, karibu na mito Ruchugi na Malagarasi. Hapo pana chemchemi za maji ya chumvi. Mwaka 1967 wachunguzi wa mambo ya kale walichimba mahali hapo, wakakuta vigae vya vyungu, mahali pa moto, na mashimo yaliyosiribwa kwa udongo wa mfinyanzi. Wakatambua kwamba kazi ya chumvi ilikuwapo tangu karne ya 5 au ya 6. Waingereza Burton na Speke walipopita katika nchi hiyo mwaka 1858, waliikuta kazi ingali ikiendelea. Chumvi ya Uvinza ilibebwa mpaka Ujiji, mpaka Burundi, na kuvuka ziwa kuja upande wetu.

Kazi yenyewe ilikuwaje? Walichota maji ya chemchemi, wakayachemsha katika vyungu. Maji yalipanda kwa mvuke, lakini chumvi haiwezi kupanda pamoja nayo. Tena lita moja ya maji hushika chumvi gramu 360 hivi, haizidi. Basi maji yalipopungua chunguni, chumvi iliyokosa nafasi iligeuka punje nyeupe.

Huku Kongo, mahali pengi pasipo chemchemi za namna hiyo, wazee walitumia majani ya mabwawani. Waliyakausha, wakayachoma, wakatia majivu katika kikapu au chungu chenye matundu, wakamimina maji juu yake. Majivu yalizuiwa, chumvi ikapita pamoja na maji. Kisha wakachemsha. Chumvi hiyo huwa na potasiamu nyingi, kwa hiyo ina uchungu kidogo, wala si sawasawa na ile ya Uvinza. Lakini angalieni akili ya kazi hii: kuchuja hutenga kisichoyeyuka, na moto hutenga kilichoyeyuka. Mwenye kuchuja tu hakupata chumvi, na mwenye kuchemsha bila kuchuja alipata chumvi yenye majivu.

Hapo pana fundisho kwa kila nyumba. Maji yaliyotoka katika kikapu kile yalikuwa hayana majivu, lakini hayakuwa matupu. Vivyo hivyo mama anayechuja maji ya mto kwa kitambaa huondoa matope na takataka, akaona maji yameng’aa, akawapa watoto. Vijidudu vya kipindupindu havikuyeyuka kama chumvi, ila ni vidogo mno, navyo hupita katika nyuzi. Maji hayo yachujwe, halafu yachemshwe mpaka yatokote, ndipo yanywewe. Usiyaamini maji kwa uangavu wake.

Nanyi walimu, msianze na maneno magumu ubaoni. Chukueni mizani. Pimeni maji gramu 1000 na chumvi gramu 50, mkoroge mpaka chumvi isionekane, kisha mpime tena: mtaona gramu 1050. Waulizeni watoto: chumvi imekwenda wapi? Halafu acheni maji hayo katika sahani pana juani siku kadhaa, nao wataiona imerudi. Mtoto aliyeyaona hayo hatasema tena kwamba kilichoyeyuka kimepotea. Naye atakapoambiwa habari za wazee wa Uvinza, atajua kwamba elimu hii haikufika kwetu mara ya kwanza ndani ya vitabu vya shule.