Kidole Gumba cha Zurich

Kila Septemba 18 ikifika, mashabiki wa riadha Nairobi hurudia kisa cha Kasarani mwaka 2021. Siku hiyo Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika, na bado akawa wa pili. Mmarekani Trayvon Bromell alimzidi kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Enzi za stopwochi huenda wote wawili wangeandikiwa muda uleule, mshindi akaachiwa macho ya waamuzi.

Kwa miaka mingi rekodi hizi zilikaa kwenye vidole gumba vya wapima muda. Daftari la shirikisho la dunia linaanza na Donald Lippincott, 10.6, Stockholm 1912. Jesse Owens akafikisha 10.2 mwaka 1936, na miaka 20 ikapita kabla ya mtu kukimbia 10.1.

Kisha ikaja jioni ya Juni 21, 1960, uwanja wa Letzigrund, Zurich. Mjerumani Armin Hary alisifika kwa kuchomoka mstarini kama mshale; mahasimu wake walidai anaibia bastola. Jioni ile alimaliza, saa zikasoma 10.0, muda ambao haukuwa umewahi kuingia kwenye daftari la rekodi. Shangwe hazikudumu. Mwanzishaji wa mbio alisema Hary alitoka kabla ya mlio, na kwamba kosa lilikuwa lake yeye kwa kutowarudisha wakimbiaji. Rekodi ikafutwa palepale.

Mwingine angevaa suruali yake akaenda zake. Hary alidai mbio zirudiwe. Kanuni ziliruhusu, mradi wakimbiaji wasipungue watatu, na wenzake wawili wakakubali kurudi mstarini. Baada ya kama nusu saa, miguu ikiwa bado ina uchovu wa mbio za kwanza, bastola ikalia tena. Safari hii hakuna aliyelalamika. Saa: 10.0.

Utamu wa kisa uko hapa: uwanjani palikuwa pia na mtambo wa umeme, nao ulisoma 10.25. Kwa mwendo ule, robo ya sekunde ni zaidi ya mita mbili! Lakini mtambo haukuwa na kauli mbele ya sheria, kidole ndicho kilichokuwa nayo. Ni mwaka 1977 tu ndipo umeme ulipopewa neno la mwisho, na 9.95 ya Jim Hines, Mexico 1968, ikawa ndiyo ya kufukuziwa. Mengine, hadi 9.58 ya Usain Bolt pale Berlin 2009, kila mtoto anayajua.

Asichokijua mtoto wa Mombasa ni kwamba kisa cha Zurich kinafika hadi kwao. Wiki chache baada ya Hary, kijana wa Kanada, Harry Jerome, naye alikimbia 10.0 huko Saskatoon. Novemba 1962 Jerome alikuwa Perth, Australia, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, fainali ya yadi 100. Msuli wa paja ukachanika, akamaliza wa mwisho, na magazeti ya kwao yakamwita mkata tamaa. Aliyefika wa kwanza, kwa 9.5, alikuwa Seraphino Antao, Mgoa mzaliwa wa Mombasa. Akaongeza na dhahabu ya yadi 220.

Kenya ilikuwa bado koloni. Dhahabu zile zilitangulia za Kipchoge Keino na Naftali Temu, wala si za mbio ndefu, labda ndiyo maana tunazisahau: tumeshajiaminisha kuwa sisi ni watu wa nyanda za juu na pumzi, na mtimkaji wa pwani haingii kwenye hadithi hiyo. Kwenye Olimpiki ya Tokyo 1964, Antao ndiye aliyebeba bendera ya taifa jipya. Baadaye alihamia Uingereza.

Dhahabu yake ya mbio fupi kuliko zote haikupata mrithi Mkenya hadi Omanyala aliposhinda mita 100 kwenye michezo hiyohiyo ya Jumuiya ya Madola, Birmingham, Agosti 2022, kwa 10.02. Antao alikuwa amefariki London mwaka 2011.