Zorndorf, 1758: pande mbili zilitangaza ushindi, mji ulikuwa umeungua

Hadithi za vita vya zamani mara nyingi zinaanza na wafalme. Hii tuianze na mji.

Küstrin ulikuwa mji wa Prussia wenye ngome, pale mto Warta unapoingia katika mto Oder. Mwezi wa Agosti 1758, katika Vita vya Miaka Saba, jeshi la Urusi likiongozwa na jenerali William Fermor liliushambulia. Tarehe 15 makombora yaliangukia nyumba za raia, na mji ukateketea karibu wote. Ngome yenyewe haikuanguka. Askari walibaki nyuma ya kuta zao, wakaaji wakabaki bila paa.

Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia alikuja mbio na jeshi lake. Mji huo aliufahamu vizuri mno: mwaka 1730, akiwa na miaka 18, baba yake alimfungia humo kwa sababu alijaribu kutoroka, na rafiki yake Hans Hermann von Katte akakatwa kichwa humo humo.

Mapigano yalitokea tarehe 25 Agosti karibu na kijiji cha Zorndorf, ambacho nacho kilichomwa moto. Waprussia walikuwa kama 36,000, Warusi zaidi ya 40,000. Siku nzima ilikuwa vumbi na moshi. Risasi zilipokwisha, watu waliuana kwa visu vya bunduki na kwa vitako vyake. Wapanda farasi wa jenerali Seydlitz ndio waliookoa Waprussia wasishindwe. Jioni ilipofika, zaidi ya theluthi moja ya kila jeshi walikuwa wamekufa, kujeruhiwa au kutekwa: Waprussia karibu 13,000, Warusi kama 18,000.

Kila upande ulitangaza kwamba umeshinda. Siku chache baadaye Warusi waliondoka.

Na ardhi je? Mwaka 1762 malkia Elizabeth wa Urusi alifariki. Mrithi wake, Peter wa Tatu, alifanya amani na Frederick na kumrudishia maeneo yote yaliyotekwa.

Küstrin ulijengwa upya. Mwaka 1945 ulibomolewa tena, wakaaji wake Wajerumani wakafukuzwa, na leo ni Kostrzyn, mji wa Poland. Mji wa kale ndani ya ngome haukujengwa tena. Mawe ya barabara bado yapo, na ngazi za milango pia, lakini ukipanda ngazi hizo unakuta majani tu.