Bunduki ipi inakufaa? Tuwaulize Karagwe

Wadau, ubishi wa Remington na Mossberg nimeusikia sana vijiweni, hasa kwa vijana wenzangu wenye hela kidogo na filamu nyingi kichwani. Eti pampu-aksheni ipi kali? Leo nataka tuujibu ubishi huo kwa kupitia Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, maana kule swali la bunduki ipi inamfaa nani lina zaidi ya miaka 150.

Kwanza bunduki zenyewe. Pampu-aksheni ni ile shotigani ambayo huwa tunaiona kwa walinzi wa benki. Chini ya mtutu kuna mrija wa kuwekea risasi. Ukivuta kishikio nyuma, ganda linatoka. Ukisukuma mbele, risasi nyingine inaingia. Mmarekani Christopher Spencer alitoa ya namna hiyo mwaka 1882, kisha ikaja Winchester ya 1897 iliyobuniwa na John Browning. Hiyo ndiyo iliyowakera Wajerumani vitani, hadi Septemba 1918 wakawalalamikia Wamarekani rasmi. Remington 870 ilitoka 1950: mwili wa chuma, kitufe cha usalama nyuma ya kifyatulio. Mossberg 500 ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 ina mwili wa aluminiamu, ni nyepesi kidogo, na kitufe chake kiko juu, hivyo hata mtu wa mkono wa kushoto hapati shida. Zote hurusha marisaa, yaani punje za risasi zinazotawanyika, na zote si za masafa marefu. Tofauti ndiyo hiyo, wala si kubwa.

Sasa twende Karagwe. Novemba 1861, Waingereza Speke na Grant walifika Bweranyange kwa Omukama Rumanyika. Speke alipowinda vifaru na vichwa vyao vikaletwa ikulu, Omukama alistaajabu. Lakini msidhani alikuwa hajui bunduki. Wafanyabiashara wa kutoka pwani na Tabora walikuwa na kituo chao Kafuro, jirani tu na ikulu, wakitafuta pembe za ndovu. Musa Mzuri, tajiri wa Tabora, ndiye aliyemsaidia Rumanyika katika ugomvi wa kiti na ndugu yake Rogero. Kwa hiyo Rumanyika alikuwa na sababu ya kulijua jambo ambalo wabishi wetu hawalitaji: bunduki haiji peke yake, inakuja na mwenye baruti. Ukiipokea, umempokea na yeye.

Wazungu nao walilijua vizuri. Julai 1890 walitia saini Mkataba wa Brussels. Wengi wanaukumbuka kwa kupinga utumwa, ila ndani yake kulikuwa na vifungu vya silaha. Bunduki za kisasa zilizuiwa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, isipokuwa kwa masharti. Kilichoachiwa mlango ni gumegume na baruti ya kawaida. Mwaka huo huo Emin Pasha, akiwatumikia Wajerumani, alianzisha kituo cha Bukoba. Yaani mzee, watu walikaa Ulaya wakalinganisha bunduki na kuamua ipi inamfaa Mwafrika, halafu wao wakaja na nyingine!

Gobore la kujazwa kwa mdomo ni ndugu wa gumegume hilo. Mpaka leo mafundi wa vijijini katika sehemu nyingi za nchi yetu hulitengeneza kwa bomba la chuma, na likipasuka humuumiza aliyelishika.

Kisha ikaja 1994. Mauaji ya kimbari ya Rwanda yaliwaleta wakimbizi kwa maelfu mengi Ngara na Karagwe, na silaha za kivita nazo zikavuka mpaka. Hapo mwenye gobore na mwenye shotigani wote wakawa wadogo mbele ya jambazi mwenye SMG. Kwa miaka mingi mabasi yalipita kwenye misitu ya Kagera yakisindikizwa na askari. Mwaka 2013 serikali ikaendesha Operesheni Kimbunga dhidi ya majambazi na wahamiaji haramu, na silaha zikakamatwa. Jiulizeni, raia wa Karagwe angenunua Mossberg ingemsaidia nini katika hali ile?

Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi ilipogawanywa mwaka 2012. Mwaka 2019 zikatangazwa hifadhi za taifa Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, hii ya pili ikibeba jina la Omukama mwenyewe. Ukionekana na gobore humo, kesi yako ni ya ujangili. Ukitaka shotigani kihalali kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015: unaomba kibali, na serikali inataka kujua wewe ni nani na silaha ni ya kazi gani.

Wapo wanaoona huo ni usumbufu. Mimi naona ndilo swali la kwanza, na hizo habari za Remington na Mossberg ni za mwisho kabisa. Rumanyika alihesabu aliyemletea. Mkataba wa Brussels ulihesabu nani anyimwe. Jambazi hakuhesabu mtu. Sisi tunaobishana vijiweni tunahesabu nini? Kwa maoni yangu, bunduki inayokufaa ni ile ambayo jirani yako anajua unayo, anajua ni ya nini, na bado analala usingizi.