Nyimbo za kwetu, sehemu ya 3: Shuka jukwaani

Leo ni zamu ya X Plastaz, wa hapa hapa Arusha, walioanza 1996.

Miaka ile mavazi yalikuwa nusu ya muziki. Kule Japani, wanamuziki wa roki wa X Japan walisimamisha nywele na kujipaka rangi usoni. Huku kwetu wachanaji wengi walitaka kufanana na Wamarekani: jinzi pana, kofia, cheni.

X Plastaz, wengi wao ndugu, wakafanya tofauti. Kina Faza Nelly na Gsan walichana kwa Kiswahili, na pembeni yao akasimama Merege, Mmasai na shuka lake, akiimba kwa Kimaa. Wimbo wao "Nini dhambi kwa mwenye dhiki" ulizungumzia njaa na umaskini. Mwaka 2004 albamu yao, Maasai Hip Hop, ikatolewa na kampuni ya Ujerumani. Faza Nelly aliuawa 2006, lakini nyimbo zipo.

Sasa nesi na hip hop wapi na wapi? Ni hivi: kliniki nasikia mama anaogopa kumsemesha mtoto Kimaa au Kimeru, eti atachelewa kuongea. Si kweli jamani! Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto, na sauti yako anaanza kuisikia angali tumboni. Lugha ile ile unayoionea aibu mjini, wenzetu waliipandisha jukwaani na Ulaya wakainunua.

Leo usiku mbembeleze kwa lugha ya bibi yake.