Nani alimuua Bill Malloy? Familia ya Collins na uongo wa miaka kumi

Wengi wenye wanajua tamthilia ya Dark Shadows wanaijua juu ya Barnabas Collins, ule mnyonya damu. Lakini Barnabas aliingia mu hadithi mwezi wa 4, 1967. Tamthilia yenyewe ilianza tarehe 27 Juni 1966 kwenye televisheni ABC ya Marekani. Miezi ya kwanza, kitu chenye kilifunga watu kwenye kiti ni kifo cha mtu mmoja na familia nzima yenye kushukiwa.

Tuanze na mzizi. Miaka kumi mbele, gari liligonga mtu akakufa. Mwenye kuendesha alikuwa Roger Collins, mtoto wa familia tajiri ya Collinsport, mji mdogo wa wavuvi. Tribinali ikamhukumu Burke Devlin, kijana asiye na jina kubwa, akakaa jela miaka tano. Roger akamuoa Laura, mwanamke wa Burke. Mchoraji Sam Evans alijua ukweli, lakini alipokea pesa za Roger, akanyamaza.

Mu 1966 Burke anarudi tajiri. Bill Malloy, msimamizi wa mashua na kiwanda cha samaki cha familia, anaamua kusema ukweli. Anaita Roger, Burke na Sam wakutane usiku. Wote wanafika; yeye hafiki. Kisha maiti yake inaonekana kwenye maji.

Sasa kila mtu anamwangalia Roger, na ana haki. Kuko na ile kalamu ya fedha: Burke alimpa Carolyn, Roger akaichukua, akaipoteza, na Victoria Winters, mwalimu wa nyumbani, akaiokota ufukoni. Mu nyumba ya Collinwood, chakula kinaliwa na woga. Elizabeth, dada ya Roger, mwenye hajatoka mu ile nyumba miaka 18, anatetea jina la familia. Kijana David anamshuku baba yake mwenyewe.

Lakini Roger hakuua. Aliyefanya ni Matthew Morgan, mlinzi wa nyumba. Aligombana na Malloy juu alifikiri maneno yake yataharibu maisha ya Elizabeth. Alipogunduliwa, akamfunga Victoria mu nyumba ya zamani, na pale, mwezi wa 12, mizimu ikamtokea akafa kwa woga.

Hapa ndipo mimi naona uzito wa hii hadithi. Kama tunauliza mkono gani uliua, familia haina kosa. Kama tunauliza juu ya nini Malloy alikuwa mtu wa kunyamazishwa, jibu linarudi kwa Roger. Angesema ukweli mbele ya tribinali, hakungekuwa siri ya kulinda, na Matthew hangekuwa na sababu ya kugusa mtu. Mtumishi alilipa kwa maisha yake deni lenye bwana wake alikopa. Roger alikuja kukiri kosa la gari mu 1967 tu, wakati Malloy alishazikwa zamani, na miaka tano ya Burke hakuna mtu aliweza kuirudisha.

Dan Curtis, mwenye kuanzisha tamthilia, aliona watazamaji ni wachache, akaongeza mizimu, kisha Barnabas. Ikafika vipande 1,225 mpaka tarehe 2 Aprili 1971. Lakini ile nyumba ilikuwa na giza lake mbele ya vampaya kufika.

Ninyi munasemaje: mwenye kuficha ukweli anabeba sehemu gani ya damu yenye inamwagika kisha?