Jack Cardiff, Fundi wa Nuru

Wasomaji wetu, wengi wetu tumepata kuona picha za sinema, tukashika majina ya wachezaji. Lakini mtu asimamaye nyuma ya kamera hatumwulizi. Leo twataka kueleza habari za mmoja wao, Mwingereza Jack Cardiff.

Alizaliwa Great Yarmouth mwaka 1914. Wazazi wake walikuwa wachezaji wa majukwaani, wakihama mji kwa mji. Kwa hiyo elimu yake ya skuli ilikuwa haba. Angali kijana akaingia nyumba ya kutengenezea picha kwa kazi za kutumwa. Lakini alipenda kutazama michoro ya Rembrandt na Vermeer, akijiuliza nuru yaingilia wapi. Hata mwaka 1936 watu wa Technicolor, wenye kamera ya rangi, wakatafuta kijana wa kumfundisha. Cardiff mwenyewe alisimulia kwamba hesabu za ufundi hakuzijua, akawaeleza nuru ya wachoraji. Naye ndiye aliyechaguliwa.

Mwaka 1947 ikatoka picha ya Black Narcissus, hadithi ya masista katika milima ya Himalaya. Milima ile ilichorwa tu, kwani kazi yote ilifanywa Uingereza; lakini kwa nuru yake watazamaji waliisadiki, naye akapewa tuzo ya Oscar. Mwaka 1951 alifika Kongo na Uganda kupiga The African Queen, hadithi ya dada wa mmisionari katika nchi ya Wadachi mwaka 1914. Wengi katika kundi lao waliugua, walakini kazi ikatimizwa.

Kisha akataka kuwa msimamizi wa picha. Mwaka 1953 alianza habari za William Tell huko Italia. Fedha zikaisha, na picha haikumalizika kamwe. Hakukata tamaa. Mwaka 1960 akatoa Sons and Lovers, habari za jamaa ya mchimba makaa. Basi tazameni: picha ya yule bingwa wa rangi haikuwa na rangi, ilikuwa nyeusi na nyeupe, nayo ikapata Oscar moja, ya upigaji picha, akapewa Freddie Francis aliyeshika kamera. Cardiff alitajwa miongoni mwa wasimamizi bora, lakini hakushinda.

Baada ya kusimamia picha kadha wa kadha, alirudi kwenye kamera, akawatumikia wasimamizi wengine, kama katika Death on the Nile ya mwaka 1978. Mwaka 2001 akapewa Oscar ya heshima kwa kazi ya maisha yake yote. Alifariki mwaka 2009, mwenye miaka 94.

Twaona wangapi kwetu, walimu na wazee wa kanisa, ambao wakishuka cheo huacha na kazi yenyewe? Cheo ni dhamana, hurudishwa. Bali kipawa ni cha kutumiwa hata mwisho. Cardiff alirudisha cheo, kipawa hakukifukia.